Toa Kumi

"Tangu nishike mkasi," alikuwa akisema Sentimita, "sijala hata sentimita moja ya mtu."

Neno hilo alilisema kwa mteja mpya, akalirudia kwa mteja wa zamani, na siku isiyo na mteja alilisema kwa cherehani. Ndiyo maana wakamwita Sentimita, na lile jina la kwenye cheti cha kuzaliwa likabaki huko huko kwenye cheti, linakula vumbi. Na ukweli usemwe: kwa upande wa vitambaa hakuwa mwongo. Kuna mafundi ukiwapelekea mita tatu unarudishiwa suruali na tabasamu, kisha mwezi unaofuata unamwona mtoto wa fundi anakatiza mtaani na kaptula ya rangi unayoifahamu. Sentimita hakuwa hivyo. Yeye alikurudishia kila kipande, hata kile kisichotosha kuvisha kidole gumba, kimekunjwa na kufungwa uzi kama zawadi. Watu walifika nyumbani, wakafungua, wakakuta vipembe vya kitambaa ambavyo hawajui wavifanyie nini, na wakaona aibu kuvitupa.

Kwa hiyo wakati wa kugawana nyumba ya urithi ulipofika, mtaa mzima ukiwa umetega macho kuona viti vikirukia barabarani, hakuna aliyemtilia shaka yeye. Waliyemtilia shaka ni kaka yake mkubwa, kwa kosa moja tu: alikuwa mwalimu wa hesabu.

Nyumba yenyewe ilijengwa na babu yao, ikarithiwa na baba yao, na baba naye akafia humo humo, kifungo kimoja mkononi na sindano mdomoni. Ilikuwa nyumba ndefu ya chini. Uso wake wa mbele, ule unaotazama barabara, ulikuwa mita kumi na mbili kamili. Ndivyo hati ilivyosema, kwa wino uliokwisha kugeuka rangi ya chai. Babu alikuwa na duka, akaweka milango mitatu mbele. Baba alipoanza ushonaji alivunja kuta za ndani ili meza ya kukatia ijinyooshe, chumba cha mbele kikawa kimoja kirefu kama behewa. Milango mitatu, watoto watatu. Ungesema babu alipiga ramli. Lakini hapo hapo babu alikosea jambo moja. Dirisha aliweka moja tu.

Lilikuwa dirisha la haja, kati ya mlango wa pili na wa tatu, pana kiasi cha kukalisha watu wawili kwenye kizingiti na mmoja anayeaga. Mwanga uliingia asubuhi na kukaa hapo mpaka alasiri kama mgeni asiyejua kuondoka. Cherehani ya Baba ilikuwa chini ya dirisha hilo, na sasa ilikuwa ya Sentimita. Hapo ndipo alipoweza kutia uzi mweusi kwenye nguo nyeusi bila kukunja uso. Mwaka mmoja vioo vilipasuka, akahamia kwenye kona, chini ya taa ya umeme, kwa siku nne tu. Katika siku hizo nne alishona koti la bwana harusi: mkono wa kulia mweusi, wa kushoto bluu iliyokolea. Harusi ilipita salama, ndoa ikadumu, watoto wakaja. Lakini picha zipo.

Basi Baba alipofariki, kila mtoto akaja na lake.

Mwalimu alitaka nyumba iuzwe, kila mtu ashike chake, waheshimiane. Dada yao, aliyekuwa nesi na aliyebakiza miezi michache kustaafu, hakutaka kusikia habari ya kuuza. Alikuwa akiishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali, na barua ya kumtaka akabidhi ufunguo ilikuwa imeshafika. "Nimelaza watu vitandani miaka thelathini na moja," alisema. "Na mimi nataka pa kulaza mgongo." Sentimita kwa upande wake hakutaka liguswe lolote, hata msumari.

Hawakutukanana. Hiyo sifa wapewe. Walinuniana kwa adabu. Mwalimu, ambaye alikaa mitaa miwili tu kutoka hapo, alianza kuwaandikia wadogo zake barua zenye kichwa kilichopigiwa mstari: YAHUSU MALI YA MAREHEMU BABA YETU. Nesi akawa anazijibu nyuma ya karatasi hizo hizo, ili asipoteze karatasi yake. Na walipokutana ana kwa ana, walizungumza kupitia Shangazi.

"Shangazi, mwambie Mwalimu chai yake inapoa."

"Shangazi, mwambie Nesi nimeiona."

Shangazi, dada wa marehemu Baba, alikuwa amekaa katikati yao, na chai ilikuwa mbele ya Mwalimu, na wote watatu wangeweza kugusana magoti. "Amesikia," angesema Shangazi. "Na yeye pia amesikia kwamba umesikia. Sasa niacheni nitie kifungo."

Huyu Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa katikati tangu enzi za pasi ya mkaa. Kazi yake ilikuwa vifungo na upindo, kwa mkono. Siku hizi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, mtu kwake amekuwa kivuli chenye sauti, lakini vidole bado vilikuwa na akili zao. Alitia uzi kwenye sindano kwa ncha ya ulimi na kidole, akiwa anaangalia upande mwingine kabisa. Na kwa sababu haoni, familia nzima ilizoea kumpigia kelele, kana kwamba macho na masikio ni chumba kimoja.

Mvutano uliendelea miezi mitatu. Mwisho Mwalimu alichoka kuandika barua, Nesi akachoka kuzigeuza upande wa pili, wakakata kauli: nyumba haiuzwi, inagawanywa. Kila mtu mita nne na mlango wake. Mwalimu fungu la kushoto, Nesi la katikati, Sentimita la kulia, kuta mbili zijengwe kutoka mbele mpaka nyuma, basi.

Sentimita alikubali haraka mno. Jioni ile akaazima tepu ya chuma kwa mwashi jirani, akapima peke yake, milango ikiwa imefungwa. Mita nne, mita nne. Alama ya pili, ile ya kutenga fungu la dada yake na lake, iliangukia katikati ya dirisha. Si pembeni, katikati kabisa, pale ambapo mbao mbili za dirisha zinakutana. Alipima tena. Dirisha halikusogea. Akarudisha tepu ya mwashi, na kesho yake alimshonea mtu suruali yenye mifuko miwili upande mmoja.

*

Siku ya kupima ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nesi alikuja na chupa ya chai na vikombe vimefungwa kwenye taulo, kama mtu anayekwenda kulinda mgonjwa. Mwalimu alikuja na tepu ya chuma aliyoiazima kwa fundi seremala wa shule, ameishika mbali na suti yake ili isimtie kutu.

"Hiyo ya nini?" Nesi akauliza. Na aliuliza moja kwa moja, bila kumpitia Shangazi, jambo ambalo lilimshtua kila mtu.

"Ya kupimia."

"Nyumba hii? Na ya Baba ipo?"

Hapa sharti nikueleze, maana mtu wa nje hawezi kulijua. Katika nyumba ile, tangu watoto wakiwa wadogo, ugomvi wote uliamuliwa na tepu ya Baba. Mkate ulipimwa. Blanketi lilipimwa, nusu yako ikatiwa alama ya chaki, na mguu wako ukivuka usiku unashtakiwa asubuhi. Kipande cha sabuni ya kufulia kilipimwa. Baba aliivua tepu shingoni, akailaza juu ya kitu kinachogombewa, akasoma, kisha akasema, "Tepu imesema." Ikishasema, imesema. Hata Mama hakuwa na rufaa.

Mwalimu alimtazama dada yake, akaitazama tepu ya Baba shingoni kwa Sentimita, akakohoa kile kikohozi cha wanaume wanaokwepa machozi. "Sawa," akasema. Tepu ya chuma akaiweka mfukoni. "Tepu ya Baba na iseme."

Na Sentimita akanyamaza.

Kwa sababu tepu ya Baba ilikuwa na siri. Ilikuwa tepu ya kawaida ya fundi nguo, ya mita moja na nusu, laini, ya manjano. Lakini kichwa chake kilikuwa kimekatwa. Sentimita kumi za mwanzo hazikuwepo. Kile kipande cha shaba cha nchani kilikuwa kimeshonewa upya kwa uzi mweusi, mishono midogo kama ufuta, na tarakimu za karibu na hapo zilishafutwa na vidole, hivi kwamba asiyejua hakuona pengo. Tepu ikisoma mia na hamsini, ujue ni mia na arobaini. Sentimita aliikuta hivyo siku aliyoanza kujifunza kazi, wakati kaka na dada walishaondoka nyumbani, mmoja chuo cha ualimu na mwingine chuo cha uuguzi. Baba hakumweleza ilikuwaje. Alimwambia maneno mawili tu: "Toa kumi."

Na Baba aliyasema maneno hayo kila alipopima, chini ya pumzi. Kifua mia na mbili, toa kumi. Kiuno tisini na moja, toa kumi. Wateja wengine walidhani ni dua ya mafundi, wakaitikia amina. Sentimita alirithi tepu, akarithi na dua yake. Mwuza nyuzi alimpa tepu mpya kama zawadi ya kufunga mwaka. Aliitundika kwenye msumari, ikabaki hapo kama kalenda. Mkono wake haukuielewa.

Sasa wale wawili wasingejuaje? Rahisi. Nesi alivaa sare za hospitali, zinazoletwa kwenye maboksi. Mwalimu, na hili lilimuuma Baba mpaka anaingia kaburini, alivaa nguo za dukani.

Basi wakaanza. Nesi alishika kichwa cha tepu, akakibana ukutani kwenye kona ya kushoto. Mwalimu akasimama na chaki. Sentimita akapiga magoti, akaivuta tepu sakafuni, akasoma kwa sauti:

"Mia na hamsini!"

Ulimi ulikuwa tayari kwenye meno kwa ile T ya toa. Akainua macho. Mbele yake kulikuwa na dirisha, na mwanga umelalia cherehani, na kiti cha Baba kimegeuzwa kidogo kama mtu ameinuka sasa hivi.

Ulimi ukarudi kulala.

Mwalimu akachora mstari. Wakasogea. "Mia na hamsini!" Wakasogea tena. "Mia!" Fungu la Mwalimu likatimia. Likafuata la Nesi, vile vile: mia na hamsini, mia na hamsini, mia. Mstari wa mwisho wa chaki uliishia kiganja kimoja kabla ya fremu ya dirisha. Dirisha zima, na bawaba zake, na kizingiti chake, na mwanga wake wote likawa upande wa kulia.

"Tupime na hilo la mwisho," akasema Mwalimu. "Kwa kuhakiki tu."

"Kaka," akasema Sentimita, bado yuko magotini, "kumi na mbili ukitoa nane inabaki ngapi?"

Mwalimu akajivuta kifua. "Nne. Swali gani hilo?"

"Sasa unataka tepu ikusahihishie daftari? Ninyi wakubwa mmepimiwa. Mimi kitinda mimba nachukua masazo, hata yakiwa pungufu sidai."

Nesi alicheka mpaka akaketi. Mwalimu naye akacheka, kwa shingo upande mwanzoni, kisha kwa shingo yote. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu msibani. Sentimita alicheka kuliko wote, na jasho lilimtoka mgongoni kana kwamba amebebeshwa jiwe la kusagia.

"Mmemaliza?" Shangazi akauliza kutoka kigodani.

"TUMEMALIZA, SHANGAZI!" akapaaza Mwalimu.

"Usinipigie kelele. Nina mtoto wa jicho, sina mtoto wa sikio." Akauma uzi, akaukata. "Tepu imesemaje?"

"Imesema nne, nne, nne," akajibu Sentimita.

"Imesema yote?"

"Yote, Shangazi."

"Haya," akasema Shangazi, na kutafuta kifungo kingine kwenye kopo.

Walitia sahihi siku hiyo hiyo. Mwalimu aliandika mwenyewe karatasi ya makubaliano, yenye kichwa kilichopigiwa mstari kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyeigeuza. Jumatatu mwashi alikuja, akafunga kamba kufuata mistari ya chaki, akaanza kuvunja sakafu kwa ajili ya msingi. Matofali yakapangwa nje, mbele ya mlango wa katikati.

*

Ungedhani Sentimita angetulia. Dirisha ni lake, ndugu wamepatana, mtaa umekosa cha kusimulia. Lakini alianza vituko. Kila asubuhi alifagia fungu la dada yake kabla ya lake. Mwalimu alipopita kuona kazi ya mwashi inavyokwenda, alikuta suruali yake ya dukani, aliyoiacha ikatwe upindo tu, imefumuliwa yote na kushonwa upya, bila malipo. Na lile neno lake la sentimita moja ya mtu alilisema sasa mpaka kwa watu waliokuja kuuliza njia. Mwashi mwenyewe, akiwa shimoni mpaka magotini, alilisikia mara nne kwa siku moja akamwambia, "Fundi, nimekuamini tangu ile ya kwanza."

Alhamisi, saa nne asubuhi, Nesi akaja na kitambaa cheupe mkononi. Wiki mbili zijazo hospitali ingemfanyia hafla ya kumuaga, na safari hii hakutaka gauni la kutoka kwenye boksi.

"Nipime vizuri," alisema. "Miaka thelathini na moja nimevaa saizi ya mtu mwingine."

Akasimama dirishani, mikono ameitanua kama kamba ya kuanikia nguo. Mwashi alikuwa ameenda kunywa chai. Shangazi alikuwa kigodani pake, kopo la vifungo mapajani.

"Kabati la Mama limegoma," Nesi akasema, wakati Sentimita akiivua tepu shingoni.

"Limegoma vipi?"

"Nilikuwa nimepanga yote kwenye karatasi. Kitanda, kabati la Mama, na njia ya kupita mtu mmoja. Vinaingia kwenye mita nne na nafasi ya ufagio inabaki. Jana nimekuja na mwashi tumejaribu kati ya kamba zake, kabati haliingii. Nadhani limenenepa." Akacheka. "Nitampa mtu tu. Si la kufia."

Kabati lile Mama alikuwa akificha ndani yake sukari, na wote watatu walijua kulifungua bila mlango kulia.

"Lakini dirisha lako limepona," Nesi akaendelea. "Hilo ndilo lilikuwa likininyima raha. Sikukwambia, nilimfuata mwashi wiki ile kabla hatujapima."

"Ulimfuata wa nini?"

"Nilikuwa nimehesabu kwa hatua zangu, nikaona ukuta wangu utakuja kulichinja katikati. Nikamwambia, popote mstari utakapoangukia, ukifika dirishani upindishe. Dirisha lote libaki kwa mdogo wangu. Asije akashona watu kwa kupapasa, tukapata bwana harusi mwingine wa rangi mbili."

Tepu ikabaki hewani.

"Halafu tulipopima, mstari wenyewe ukapita pembeni. Nikasema, huyo ni Baba. Hata kufa hajaacha kumdekeza huyu wa mwisho." Akamgeukia. "Mbona umesimama? Pima, mkono unaniuma."

Sentimita alipima. Alichokuwa akifikiri wakati huo hata yeye hakukijua vizuri. Kichwa kilikuwa kwenye kabati, masikio kwenye neno dirisha, na mikono ikaachwa ifanye kazi peke yake, kama ilivyofanya miaka yote. Na mikono ya fundi ikiachwa peke yake, mdomo nao hufuata.

"Kifua, mia na nane," akanong'ona, "toa kumi." Akazungusha kiunoni. "Tisini na saba, toa kumi."

"Toa kumi ya nini?" Nesi akauliza.

Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa. Sauti ya mtu anayeuliza dawa hii anywe kabla au baada ya kula.

"Eh?"

"Umesema toa kumi. Mara mbili."

"Aa, hiyo." Sentimita akacheka kicheko kifupi kama upindo wa leso. "Hayo ni mambo ya kifundi, dada. Ni ile nafasi ya kupumulia."

Nesi akafikiri. "Nafasi ya kupumulia si inaongezwa? Ukiitoa nitapumua na nini?"

Sentimita akatafuta sindano kwenye ukosi wa shati lake, ingawa hakuwa na haja ya sindano. Nesi alishusha mikono polepole. Aliitwaa tepu kiunoni mwake, akaivuta, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa mtu aliyeishi na vipimo maisha yake yote: vya joto, vya presha, vya vichwa vya watoto wachanga. Akapitisha kidole kutoka kwenye shaba kuelekea kwenye tarakimu ya kwanza inayosomeka. Akapima kwa shubiri yake. Akapima tena.

"Mdogo wangu," akasema, "hii tepu imeanzia njiani."

"Imekatika," Sentimita akasema haraka. "Juzi. Juzi juzi tu, baada ya kupima nyumba. Mkasi umepita hapo, nikakishona kichwa. Nilikuwa nimesahau hata kuwaambia, si kitu kikubwa, nyumba tulipima ilipokuwa nzima, sasa ndiyo natoa kumi, ila kabla ya hapo..."

"Ilete hapa," akasema Shangazi.

Hakuna aliyekuwa akimkumbuka. Nesi alivuka shimo la msingi, akamwekea tepu kiganjani. Shangazi aliweka kopo la vifungo chini, taratibu, lisimwagike. Akakishika kichwa cha tepu, macho yake meupe yakitazama barabarani, na kidole gumba chake kikaanza kutembea juu ya uzi mweusi, mshono kwa mshono, kama mtu anayesoma majina ya jamaa zake.

"Kumi na mmoja," akasema. "Na wa mwisho umerudi nyuma, kwa sababu uzi ulikuwa unaniishia. Hii ni mishono yangu. Mimi ndiye niliyeilalisha pasi ya mkaa juu ya tepu ya kaka yangu, mwaka ule Nesi alipokwenda chuo. Nikakikata kilichoungua, nikashona, nikamrudishia. Hakunigombeza. Alisema tu, basi tutatoa kumi."

Nje mwashi alikuwa anarudi, akipiga mluzi. Sentimita alifungua mdomo.

"Ngoja nimalize," akasema Shangazi, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Siku ile mnapima nilikuwa nimekaa hapa hapa, mwanangu. Uliilaza mara sita. Nilikuwa nahesabu kwa vifungo. Na nikakuuliza kama imesema yote." Akaikunja tepu, akamnyooshea Sentimita pale alipoisikia pumzi yake. "Toa kumi sikuisikia hata moja."